Ng'ombe ya Khalayi

Nasambu Andati hakusomea udaktari, lakini katika soko la Lubao kila mtu humwita Daktari. Yeye ni afisa wa mifugo. Kazi yake ni kukagua midomo na kwato za wanyama kabla hawajaingia mnadani, kuwaandikia wenyewe vibali vya kuwasafirisha, na kugombana na wachuuzi wanaotaka kumpitisha fahali mwenye homa wakidai amechoka tu na safari. Ni mwanamke mrefu, wa miaka arobaini na ushei, mwenye sauti iliyozoea kushindana na ng'ombe. Anaishi Amalemba, mjini Kakamega, pamoja na mumewe Wanjala, ambaye anafundisha Kiswahili katika shule ya upili. Mtoto wao wa pekee, Wendy, yuko chuoni Eldoret.

Hakuna aliyetarajia Nasambu aandike kitabu, na yeye mwenyewe hakuwa na wazo hilo. Kilichomsukuma ni karantini. Ugonjwa wa midomo na miguu ulikuwa umeingia, minada ikafungwa, naye akawa mtu wa kukaa ofisini akitazama ukuta. Siku moja akaingia mjane kutoka upande wa Chekalini. Hakuwa na mnyama mgonjwa. Alisema kwamba baada ya matanga ya mumewe, shemeji zake walifungua zizi wakamtoa ng'ombe wake na kwenda naye, na yeye alikuwa amesikia kwamba Daktari ndiye anayeandika vibali. Basi alitaka kujua ng'ombe alipelekwa wapi.

Nasambu alitafuta katika vibali vyake asione kitu. Alimweleza mama yule kwamba kesi ya namna hiyo ni ya chifu, si ya ofisi ya mifugo. Mama aliinuka, akafunga leso yake vizuri, akasema kwa utulivu kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Mimi ndio nakamuanga hiyo ng'ombe. Wao hata hawajui inapendanga nini."

Akaenda zake. Nasambu hakumwona tena, na hakuwahi kujua kama ng'ombe alipatikana. Lakini maneno yale yalimkaa kichwani. Alijiuliza ingekuwaje kama mama yule hangerudi nyumbani, kama angeamua kumfuata ng'ombe wake soko kwa soko mpaka ampate. Alfajiri moja, kabla ya kuchemsha chai, aliketi mezani kwenye kompyuta ya zamani ambayo Wendy alikuwa ameiacha, akaandika sentensi ya kwanza. Mjane wa hadithini akampa jina la Khalayi. Karantini ilipoisha na minada kufunguliwa, hakuweza tena kuacha. Aliandika kila alfajiri, Wanjala akidhani anajaza ripoti za kazini.

Rasimu ya kwanza ilipokamilika, mtu wa kwanza kuisoma alikuwa Wanjala. Aliisoma Jumamosi nzima barazani, kalamu nyekundu mkononi kama kawaida yake. Jioni aliingia ndani akiwa amejaa fahari. Alisema hadithi ilikuwa nzuri kuliko alivyofikiria, na kwamba mahali Khalayi anapomkuta ng'ombe wake mbele ya baraza la chifu palimfanya aweke karatasi chini apumue. Kisha akampa mkewe ule mswada. Kurasa zilikuwa nyekundu kama mtoto mwenye surua.

Katika masimulizi, marekebisho yake yote yalikuwa sahihi, na Nasambu aliyakubali bila neno. Lakini Wanjala hakuishia hapo. Alikuwa ameingia katika vinywa vya wahusika. Kila "ng'ombe yangu" ilikuwa imegeuzwa kuwa "ng'ombe wangu". Kila "nakamuanga" ilikuwa imekatwa. Hata jina la kitabu, *Ng'ombe ya Khalayi*, alikuwa amelipigia mstari na kuandika pembeni: ngeli ya A-WA.

Nasambu alimwambia kwamba masimulizi ni yake kuyarekebisha anavyotaka, lakini maneno ya watu ayaache. Wanjala alicheka, akidhani ni utani. Alipoona si utani, alinyamaza kwa namna ya mwalimu anayengoja mwanafunzi agundue kosa mwenyewe.

Nasambu hakugundua kosa lolote. Alirudisha maneno ya watu wote kama yalivyokuwa na kutuma mswada kwa mchapishaji mmoja wa Nairobi.

Baada ya muda alipigiwa simu na mhariri aliyejitambulisha kwa jina la Kipruto. Alikuwa kijana mwenye adabu na maneno ya haraka. Alisema ameisoma hadithi bila kuiweka chini, na kwamba kampuni ingependa kuichapisha. Nasambu alikuwa sokoni, mkono mmoja ukiwa ndani ya mdomo wa ndama. Alimshukuru, akakata simu, akamaliza kumkagua ndama yule, kisha akaenda nyuma ya banda na kusimama peke yake akicheka.

Furaha hiyo ilidumu mpaka siku mswada uliohaririwa ulipofika. Nasambu aliufungua kwenye sura ya baraza, ile iliyomfanya Wanjala apumue. Katika rasimu yake, Khalayi alisimama mbele ya wanaume wote na kusema: "Chifu, hiyo ng'ombe ni yangu. Mimi ndio nakamuanga. Hawa waulize inaitwanga nani." Sasa alisema hivi: "Mheshimiwa Chifu, ng'ombe huyu ni wangu. Mimi ndiye humkamua kila siku. Waulize hawa anaitwa nani."

Aliyasoma mara mbili. Kila neno lilikuwa mahali pake. Khalayi tu ndiye hakuwepo. Mahali pake alikuwa amesimama mwanamke mwingine, aliyepita shule, asiyejua kukamua, na ambaye chifu yeyote angemwogopa kidogo. Mwanamke kama huyo hangenyang'anywa ng'ombe tangu mwanzo, na hadithi nzima ikawa haina sababu.

Alimpigia Kipruto simu siku hiyohiyo. Mhariri alimsikiliza mpaka mwisho, na hakumjibu kwa kiburi. Alieleza kwamba kitabu kizuri hivi kilistahili kufika mashuleni, na kwamba wanaopitisha vitabu vya shule hawangekubali mtoto afundishwe kusema "ng'ombe ya". Kisha akasema jambo ambalo Nasambu hakulitarajia.

"Mama, mimi ni mtu wa Kapsabet. Nilipofika chuo walinicheka kwa sababu nilikuwa nasema basi na pasi kama neno moja. Nilikaa muhula mzima bila kufungua mdomo darasani. Sitaki mtoto mwingine achekwe kama mimi."

Nasambu alimwonea huruma, lakini hakurudi nyuma. "Walikucheka kwa sababu hawakuwa wamewahi kumsoma mtu kama wewe kwenye kitabu," alisema. "Ukimtoa na huyu, wataendelea kucheka."

Kipruto akamwomba afikirie kwa wiki chache. Walikubaliana hivyo.

Nasambu hakutaka kufikiria. Alitaka shahidi. Na shahidi aliyemjua vizuri kuliko wote alikuwa Zeituni, mwanamke wa Ekero aliyeuza mbuzi Lubao tangu Nasambu hajaajiriwa. Zeituni alikuwa mtu wa mwili mdogo na heshima kubwa. Aliwasalimu watu wote kwa asalaam aleikum, awe padri au mpiga ramli, na hakuna mchuuzi aliyethubutu kumdanganya kuhusu umri wa mnyama. Katika kitabu kulikuwa na muuza mbuzi anayempokea Khalayi alipokosa pa kulala na kumpa kitanda chake. Muuza mbuzi huyo aliundwa kwa mfano wa Zeituni, na Nasambu alikuwa amemwambia hivyo kwa fahari.

Adhuhuri moja soko lilipopoa, walikaa kwenye kivuli cha lori lililoegeshwa. Nasambu alimsomea kwanza sura ya kitanda kama Kipruto alivyoitengeneza. Zeituni alitabasamu na kusema huyo mama anaongea kama mtu wa kusoma taarifa ya habari. Nasambu akafurahi. Hapo akafungua rasimu yake mwenyewe na kusoma maneno ya muuza mbuzi jinsi alivyoyaandika: "Rara hapa kwangu, mama. Mwenyezi Mungu hararangi. Kesho tutafuata hiyo ng'ombe mbere na mbere."

Alisoma ukurasa mzima hivyo, akiigiza sauti. Alipoinua macho, Zeituni hakuwa anatabasamu.

"Ndio mimi huyo?"

"Ni kama wewe."

"Daktari," Zeituni alisema, "mimi nilikukosea wapi?"

Nasambu alijaribu kueleza kwamba hiyo ni heshima, kwamba alikuwa akipigana na watu wa Nairobi ili sauti kama yake ibaki. Zeituni alimwacha amalize. Kisha akaongea taratibu, bila kupandisha sauti.

"Mimi nikiongea na wewe, unasikianga hivyo? Kila mahali rara, mbere, rara, mbere? Watu wakisoma hiyo watacheka. Na wakicheka hawatasikia ati huyu mama alipea mgeni kitanda yake. Watasikia rara peke yake. Umeniweka pale kama mlevi wa vichekesho."

Aliinuka, akazikusanya kamba za mbuzi wake na kwenda upande wa pili wa soko. Hakuaga.

Nasambu alirudi mjini kwa pikipiki ya ofisi akiwa na hasira, na safari nzima alimjibu Zeituni kichwani. Si kweli kwamba watu huku hubadilisha l na r? Si yeye mwenyewe Zeituni husema hivyo? Angewezaje kuwatetea watu wasiotaka kutetewa? Siku kadhaa hakuugusa mswada. Alipoufungua tena, aliufungua ili ajithibitishie kwamba hakukosea, na ndipo alipoona.

Aliona kwamba kila mahali alipoandika "rara" alikuwa anacheka. Hakuwa ameandika alichosikia. Aliandika alichokuwa anawasimulia wenzake ofisini wakati wa chai, ile michezo ya kuiga wachuuzi ambayo wote walikuwa hodari nayo. Na aliona jambo baya zaidi. Yeye mwenyewe aliyezaliwa kijijini, ambaye ulimi wake huteleza vilevile akiwa na hasira, alikuwa amejiandika katika kitabu kama afisa mmoja mdogo, na maneno ya afisa huyo yalikuwa safi kama sahani ya wageni. Wanjala na Kipruto walitaka kumsugua Khalayi mpaka atakate. Yeye alikuwa amempaka rangi za kuchekesha. Kati ya hao watatu hakuna aliyekuwa amemsikiliza.

Basi alianza upya. Hakukubali ya Kipruto, na hakukubali tena ya kwake.

Kwanza alirudi kusikiliza. Sokoni aliacha kuongea sana na kuanza kutega sikio, si kwa maneno ya ajabu bali kwa wakati yanapotoka. Aligundua kwamba mtu huyohuyo husema "lala" akiongea na mteja na "rara" akimfokea mwanawe. Aligundua kwamba watu hunyoosha Kiswahili chao wanapomwona yeye na kitambulisho chake cha kazi, na kwamba unyooshaji huo huficha kitu, mara nyingi mnyama mgonjwa. Na ile "-nga" ambayo Wanjala aliikata kila mahali haikuwa pambo. Mtu akisema "nakamua" anamaanisha sasa hivi. Akisema "nakamuanga" anamaanisha kwamba hayo ndiyo maisha yake, mvua na jua, na asiyeelewa tofauti hiyo hawezi kuelewa kwa nini Khalayi alitembea kote kule.

Aliondoa karibu kila "rara" na "mbere" kitabuni. Aliacha moja tu, pale Khalayi anapomgombeza shemeji yake mkubwa na ulimi unamkimbia, na hapo hakuna msomaji ambaye angecheka. "-nga" aliziacha zote zilizokuwa na kazi na kutupa zilizowekwa kwa mazoea. Kwa yule afisa alifanya kinyume: alimpa ulimi wa kawaida, naye akateleza kama wengine. "Ng'ombe ya" aliiacha kila mahali iliposemwa, na juu ya jalada pia.

Alipokuwa anafanya hivyo, mambo mengine yalianza kuanguka yenyewe. Kulikuwa na sura ndefu kuhusu karantini, iliyokuwa na kila kitu anachojua kuhusu ugonjwa wa midomo na miguu. Aliipenda kuliko zote. Sasa aliona kwamba katika sura hiyo hakuna mtu anayeongea na mtu. Ni yeye tu anayejionyesha. Aliitoa yote, akaumwa kama aliyeng'olewa jino, na asubuhi iliyofuata hakukumbuka hata ilianzaje. Shemeji za Khalayi, ambao walikuwa wabaya kama fisi wa hadithi za watoto, walipoanza kuongea kama watu, walijikuta wana sababu. Mmoja wao alikuwa na deni la karo na aibu ya kudaiwa. Hilo halikumfanya ng'ombe awe wake, lakini lilifanya sura ya baraza iwe ngumu kuandika, na bora.

Nyumbani hali haikuwa shwari. Wanjala alikuwa amengoja kwa subira mkewe achoke na ukaidi wake, na alipoona anaongeza miezi mingine kwa ajili ya makosa yaleyale, subira ilimwishia. Siku moja wakila chakula cha jioni, ugali na kuku wa kienyeji, alisema alichokuwa amekiweka moyoni. Kazi yake yote ilikuwa kuwafundisha watoto wa watu kwamba ng'ombe ni wa. Wenzake katika idara wangemwonaje mkewe akiweka "ng'ombe ya" juu ya kitabu kwa herufi kubwa? Wangedhani hana sauti nyumbani kwake, au hajui kazi yake.

"Wadhani wanavyotaka," Nasambu alisema.

"Mama Wendy, hiyo ni lugha yangu. Ndiyo iliyotulisha na kumsomesha mtoto."

"Na mama yako alikulisha kwa ipi?"

Mama yake Wanjala, aliyezikwa miaka mingi iliyopita, aliuza viazi vitamu kando ya barabara, na hakuwahi kusema "wa" kwa kitu chochote chenye miguu minne. Wanjala alichukua sahani yake akaenda kumalizia chakula sebuleni. Siku kadhaa waliishi kama wapangaji wawili wenye heshima.

Kisha Nasambu alirudi kutoka kazini na kukuta rasimu mpya, aliyokuwa ameichapa na kuiacha mezani, imefungwa kwa ukanda wa raba. Wanjala alikuwa ameisoma yote. Kalamu ilikuwa nyekundu kama zamani, na alikuwa amefanya kazi ya makini kuliko mara ya kwanza: alikuwa amekamata sentensi ndefu zisizo na pumzi na mahali Khalayi alipotoka sokoni mara mbili siku moja. Nasambu alipindua kurasa haraka akitafuta sura ya baraza.

"Sijagusa ndani ya alama za kunukuu," Wanjala alisema kutoka jikoni. "Lakini lile jina la kitabu sikubaliani nalo, na sitakubali."

Nasambu alisema hiyo ni haki yake. Walikunywa chai pamoja.

Kabla ya kutuma, alirudi Lubao na kumtafuta Zeituni. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Alimwomba tu amsikilize mara moja zaidi, na safari hii alisoma bila kuigiza. Sura ya kitanda sasa ilikuwa fupi. Muuza mbuzi alimwambia Khalayi: "Lala hapa kwangu, mama. Mimi nalalanga popote. Kesho tutaifuata." Zeituni alisikiliza akiwa ameshika kamba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kwa nini muuza mbuzi huyo hakumpa mgeni chakula kwanza, kwa sababu yeye hawezi kulaza mtu na njaa. Nasambu akaenda nyumbani kuongeza chakula.

Kipruto alipoipokea rasimu mpya, alipiga simu na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema sasa anamsikia Khalayi hata akifunga faili. Angepeleka kitabu kwa wakubwa wake kama kilivyo na kukitetea. Alikitetea kweli. Lakini wakubwa wake walikuja na sharti: kitabu kingetoka na maneno ya wahusika jinsi yalivyo, ila jina libadilishwe liwe *Ng'ombe wa Khalayi*, na ukurasa wa mwanzo uwe na dokezo. Kipruto alimsomea dokezo hilo kwa simu. Lilisema kwamba mwandishi anatambua makosa ya lugha yaliyomo katika mazungumzo, na kwamba ameyaweka kwa makusudi ili kuonyesha kiwango cha elimu cha wahusika.

Nasambu alimwomba arudie maneno ya mwisho. Kipruto aliyarudia, taratibu, kama mtu anayesoma hukumu ambayo hakuiandika.

"Siwezi kumwombea msamaha mtu ambaye hajakosa," Nasambu alisema. "Nirudishieni kitabu changu."

"Mama, fikiria. Ni ukurasa mmoja tu. Hakuna anayesomanga hizo kurasa za mwanzo."

Wote wawili walisikia neno lililomtoka. Kipruto alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. Kitabu kilirudishwa.

Habari zilisambaa upesi kuliko ambavyo zingesambaa kama kingechapishwa. Ofisini walimtania kwamba Daktari alikuwa mtu wa kwanza Kakamega kukataa kuwa maarufu. Dada yake alimpigia kumuuliza kama herufi moja ilikuwa na thamani ya kazi yote ile. Baadhi ya walimu wenzake Wanjala walimpa pole, kana kwamba kuna msiba. Nasambu aliendelea kwenda sokoni. Kila aliyemuuliza juu ya kitabu, alimjibu kwamba kiko tayari, kinangoja mchapishaji. Kulikuwa na asubuhi alizoamka saa zake za kuandika na kukaa tu mbele ya kompyuta iliyozimwa, akijiuliza kama alichokiita msimamo si jeuri ya kawaida. Lakini kila alipojaribu kulisema lile dokezo kwa sauti, akimfikiria Zeituni amesimama mlangoni akisikiliza, aliona kwamba hawezi kulimaliza.

Ulipita mwaka na zaidi. Mwishowe aliyekichukua kitabu alikuwa Sellah, mama wa makamo aliyekuwa ameuza vitabu kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuvichapisha mwenyewe katika vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Kisumu. Alikisoma, akampigia, na swali lake la kwanza lilikuwa kama Khalayi yuko hai. Swali la pili lilihusu urefu wa sura ya saba. Juu ya "ya" hakuuliza kitu. Nasambu alipomtajia mwenyewe, ili kusiwe na kisirani baadaye, Sellah alishangaa. Alisema alikuwa amelisoma jina hilo mara nyingi bila kuona kasoro yoyote, kwa sababu hivyo ndivyo lilivyosikika masikioni mwake.

Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi mdogo mjini Kakamega, wenye viti vya plastiki, chai na nduma za kuchemsha. Wendy alikuja kutoka chuoni. Zeituni alikuja na wanawake kadhaa wa Ekero, wakaketi safu ya mbele wakiwa wamevaa vizuri. Katikati ya shughuli, bwana mmoja aliyestaafu kutoka idara ya elimu alinyanyuka, akaunyoosha mkono kuelekea jalada, na kusema kwamba ni huzuni kuona kosa la darasa la nne limewekwa mbele ya umma. Kisha, akimwona Wanjala pembeni, akamgeukia. Alimuuliza kama yeye, mwalimu wa Kiswahili, alikubaliana na hilo.

Ukumbi mzima ulimgeukia Wanjala. Nasambu pia. Hakujua angesema nini, na baadaye alikiri kwamba aliogopa pale kuliko alivyowaogopa watu wa Nairobi.

Wanjala alisimama na kufunga kifungo cha koti. "Mzee wangu, mwanafunzi akiniandikia ng'ombe ya katika insha, nitamkata alama. Nilikata wiki iliyopita na kesho nitakata," alisema. "Lakini Khalayi si mwanafunzi wangu. Sina alama za kumkata."

Akaketi. Mzee aliyestaafu alitikisa kichwa na kusema lugha inakufa mbele ya macho yetu. Nasambu hakubishana naye. Alifungua kitabu kwenye sura ya baraza na kuanza kusoma, na Khalayi alipofika mahali pa kumwambia chifu kwamba yeye ndiye anakamuanga hiyo ng'ombe, mama mmoja kutoka Ekero aliitikia "eeh" kwa sauti, kama mtu anayetoa ushahidi. Nasambu alisubiri kidogo, akaendelea.

Kitabu hakikuingia mashuleni. Kinauzwa polepole, zaidi huku Magharibi. Kipruto aliondoka kwenye ile kampuni. Alimtumia Nasambu ujumbe kwamba sasa anaandika kitu chake, kuhusu bibi yake, na kwamba mazungumzo ndiyo yanamshinda. Nasambu alimwambia aandike kwanza, halafu aende Kapsabet amsomee bibi mwenyewe, na akimwona amenyamaza ajue kuna kazi.

Mwezi uliopita aliingia maktaba ya mjini kutafuta kitabu kingine. Natasha, msichana wa kaunta, alimtambua na kuona haya. Alimtolea nakala ya *Ng'ombe ya Khalayi* iliyochoka kwa kusomwa, akamwonyesha jalada. Msomaji mmoja alikuwa ameikata "ya" kwa kalamu ya buluu na kuandika "wa" juu yake. Msomaji mwingine, kwa kalamu nyeusi, alikuwa ameikata "wa" na kurudisha "ya", akaikoleza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Natasha aliomba radhi, akasema wangeagiza nakala nyingine safi.

Nasambu aliitazama ile kazi ya kalamu mbili kwa muda. Kisha akamwambia asiagize, aiweke hiyohiyo rafuni.